Dhahabu Haina Nuru Yake



Masomo yetu ya leo yatoka katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 1, aya ya 1 hadi ya 5, na katika Injili ya Yohana, sura ya 3, aya ya 19 hadi ya 21. Katika somo la kwanza twasikia kwamba kitu cha kwanza ambacho Mungu aliamuru kiwepo kilikuwa nuru. Dhahabu yaja kutajwa baadaye, katika sura ya 2. Mpangilio huo una fundisho kwetu sisi tunaoishi juu ya mawe ya thamani, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita.

Nuru ni nini, nayo hufanyaje kazi? Wataalamu wamepima mwendo wake: hukimbia karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Nuru inayoangaza mashamba yetu asubuhi hii ilitoka katika jua dakika 8 na kidogo zilizopita. Husafiri kwa mstari ulionyooka, na inapokutana na kitu, kitu hicho huweza kuirudisha, kuimeza, au kuiacha ipite. Nasi hatuoni kitu chochote mpaka nuru itoke kwake na kuingia machoni mwetu.

Itazameni almasi. Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua mgodi wa Mwadui. Almasi iliyochongwa humetameta kwa sababu nuru ikiingia ndani yake hupunguza mwendo hadi karibu kilometa 124,000 kwa sekunde, ikapinda, ikarudishwa huku na huku, kisha ikatoka imegawanyika katika rangi zake kama upinde wa mvua. Lakini ifungieni almasi hiyo ndani ya sanduku, nayo itakuwa giza kama kokoto yoyote. Dhahabu nayo humeza sehemu kubwa ya rangi ya buluu iliyomo katika nuru na kuturudishia njano na nyekundu. Uzuri wote huo imeazimwa.

Ndugu yangu mchimbaji, wewe walijua jambo hili kuliko mimi. Unashuka katika duara ukiwa umefunga tochi kichwani. Ukiizima, ukuta wenye dhahabu na ukuta usio na kitu huwa giza moja. Dhahabu haikuiti. Haina nuru yake ya kukuonyesha mahali ilipo.

Hata hivyo, wako waliodanganywa kwamba dhahabu huweza kuitwa, na kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huivuta itoke. Kwa uongo huo, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Kanda yetu ya Ziwa ilimwaga damu ya watu wasio na hatia, wengi wao watoto. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu wanaume watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe. Watoto wengi walikusanywa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, wapate usalama, wakalala mbali na mama zao. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sheria yaweza kumfunga mpiga ramli. Lakini mteja wake ni nani atakayemfundisha?

Acheni nuru itufundishe. Katika ngozi zetu Mwenyezi ameweka rangi iitwayo melanini. Rangi hiyo humeza mionzi mikali ya jua iitwayo urujuanimno, ambayo macho hayaioni, kabla haijadhuru mwili. Ni kama mwavuli. Mtu mwenye ualbino amezaliwa na upungufu wa mwavuli huo, alioupata kwa urithi wa baba na mama wote wawili. Basi asilaumiwe mama peke yake. Ngozi yake huungua, na huweza kupata saratani. Hata macho yake hukosa rangi hiyo, nuru ikaingia kwa wingi. Ndiyo maana hukunja uso juani. Hiyo ndiyo siri yote. Ndani yake hamna utajiri uliofichwa.

Wako waliosema kwamba watu hawa ni mizimu, kwamba hawafi bali hutoweka. Basi tokeni nje saa sita mchana. Geita iko karibu digrii 3 kusini mwa Ikweta, na mwezi Machi, tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita juu ya utosi. Wasimamisheni pamoja mzee, kijana, na mtoto mwenye ualbino. Mtaona vivuli vitatu chini ya nyayo zao, vyeusi sawasawa. Nuru imekutana na mwili ikazuiliwa. Hapo pana mtu wa nyama na damu. Tofauti ni kwamba jua lile lile linaloivisha pamba yetu lamchoma huyu mtoto zaidi yetu.

Kwa hiyo, jukumu letu ni kumpa kivuli. Mzazi, mpe mwanao kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Yako mafuta ya kukinga ngozi yanayotengenezwa hapa hapa nchini, katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Ulizia kwa waganga wa hospitali. Mwalimu, mketishe mbele karibu na ubao, mbali na mwanga mkali wa dirisha. Jirani, mwite kwa jina lake. Na wewe uliyeahidiwa utajiri kwa kiungo cha binadamu, leo hii nenda kwa vyombo vya usalama ukaseme ulilolisikia, kabla usiku haujaingia.

Yohana atuambia kwamba atendaye mabaya huikimbia nuru, asije akaonekana. Mganga wa namna hiyo hufanya kazi usiku. Sisi tu watoto wa mchana.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeiumba nuru kabla ya dhahabu, utufumbue macho tuione thamani ya jirani kabla ya thamani ya jiwe. Walinde watoto wako juani na gizani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.