Nyumba Iliyotwaliwa na Benki: Kuinunua na Kuitengeneza kwa Mkopo Mmoja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa ukoo)



Kamati imenitaka nizungumze juu ya ombi lililomo katika ajenda ya alasiri. Mpwa wangu na mkewe, wakazi wa Columbus katika jimbo la Ohio, wanauomba mfuko wa ukoo uwasaidie kupata nyumba iliyotwaliwa baada ya mwenyewe kushindwa kulipa deni. Jamaa wa Muscat na London huenda wakajiuliza mambo ya Ohio yanawahusu nini. Yanawahusu kwa kuwa fedha za mfuko ni zao pia, na kwa kuwa ombi lenyewe, kama lilivyoandikwa, ni la kununua mnadani kwa fedha taslimu. Nakiunga mkono kusudio cha vijana hawa, lakini njia hiyo naipinga.

Katika Ohio benki haijitwalii nyumba kwa barua tu. Hushtaki, mahakama huamua, kisha sherifu huinadi. Katika mnada wa kwanza bei huanzia theluthi mbili ya thamani iliyokadiriwa, na hapo ndipo watu wanapoingiwa na tamaa. Lakini mnunuzi huinunua nyumba bila kuingia ndani kutazama, hutakiwa kumaliza kulipa katika muda mfupi, na pengine humkuta mtu angali akiishi humo. Nyumba iliyokaa tupu msimu mmoja wa baridi bila joto huweza kuwa na mabomba yaliyopasuka ndani ya kuta. Akiba yote ikiisha katika bei, paa litaezekwa kwa nini? Na benki ya kawaida, ukiiendea kuomba mkopo juu ya nyumba isiyo na maji wala mtambo wa kupasha joto, itakataa. Nyumba haikopesheki kwa sababu ni mbovu, na haitengenezeki kwa sababu haikopesheki.

Kwa tatizo hilo hasa upo mkopo unaodhaminiwa na FHA, idara ya serikali kuu ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1934. Huitwa 203(k), jina kavu lililotokana na kifungu cha sheria. FHA yenyewe haikopeshi; hukopesha benki, nayo idara huikinga benki hiyo na hasara. Uzuri wa mkopo huu ni kwamba bei ya nyumba na gharama ya matengenezo hutiwa katika deni moja, na mthamini huipima nyumba kama itakavyokuwa baada ya kutengenezwa. Haufai kwa mnada wa sherifu, kwa sababu mnada haungoji. Unafaa kwa nyumba ambayo mnada umeshapita na benki au serikali imebaki nayo, inayouzwa kama ilivyo lakini kwa mlango uliofunguliwa wazi. Nyumba zinazouzwa na wizara ya makazi, HUD, hutolewa kwanza kwa wale watakaoishi humo wenyewe, kabla ya wafanyabiashara kuruhusiwa kushindana nao.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba inauzwa dola 120,000, matengenezo ni dola 40,000, na asilimia 10 ya matengenezo huwekwa kwa yale yatakayofichuka ukuta ukibomolewa, yaani dola 4,000. Jumla ni dola 164,000. Mwenye sifa nzuri ya kulipa madeni hutakiwa kutanguliza asilimia 3.5, nayo ni dola 5,740. Zipo na gharama za kukamilisha mauzo, na ada ya bima ya asilimia 1.75 ya mkopo ambayo huweza kuongezwa katika deni lenyewe. Lakini tazameni tofauti iliyopo kati ya dola 5,740 na hazina nzima ya ukoo.

Mkopo huu una sura mbili. Mdogo ni wa kazi zisizogusa mihimili ya nyumba. Tangu Novemba 2024 kikomo chake ni dola 75,000, na kazi huwa na miezi 9 kumalizika. Mkubwa huruhusu hata kujenga upya ukuta au msingi, una miezi 12, na hapana budi awepo mshauri aliyeidhinishwa wa kuikagua kazi. Katika huu mkubwa fedha za matengenezo hazipiti mikononi mwa mnunuzi. Hukaa katika akaunti maalumu, na mkandarasi hulipwa kwa awamu kila kazi inapokaguliwa, na asilimia 10 ya kila awamu huzuiwa hadi mwisho. Najua ukoo wetu hauna upungufu wa mafundi, na mafundi wetu hawapendi kukaguliwa. Watavumilia.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa zaidi, nalo ni asili ya hizo fedha za kutanguliza. Benki itauliza kila senti imetoka wapi. Wengi wetu hudhani kwamba fedha za upatu lazima zifichwe, ilhali kanuni za FHA zinautambua mchezo huo waziwazi. Zinachotaka ni ushahidi kwamba chama kipo na kina muda gani, kwamba mchezaji amepokea kweli, na kwamba fedha zimekusanywa wala si za kukopa. Basi kijumbe aandike daftari na kutoa risiti. Na hapa wanaojua upatu watanielewa haraka: anayepokea zamu ya mwisho ameweka akiba, bali anayepokea ya kwanza bado anadaiwa na wenzake. Mpwa wangu alipokea zamu ya tisa kati ya kumi. Anayo hoja ya kusimamia.

Zawadi nazo zinakubaliwa, kwa barua inayotamka kwamba hazitarudishwa. Mtoaji aweza kuwa mzazi, babu, ndugu, mjomba, ami au shangazi. Binamu hayumo katika orodha ya jamaa. Huko kwao mtoto wa ami si ndugu, ni kama rafiki, na kama rafiki itambidi authibitishe ukaribu wake. Mfuko wa ukoo nao si shangazi wa mtu. Kwa hiyo haifai mfuko uandike hundi, wala haifai fedha za mfuko zipitishwe kwa mlango wa nyuma katika akaunti ya mjomba.

Yapo masharti mengine ambayo sitayazungusha. Mnunuzi lazima aishi humo, na kwa kawaida si chini ya mwaka mmoja. Kuazimana majina ili binamu apangishe ni kosa la jinai. Tangu tarehe 25 Mei 2025, kati yetu sisi, wanaoweza kupata mikopo ya FHA ni raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Wenye viza za kazi au za masomo wasipoteze ada ya maombi. Aidha, mkopo huu una riba, na wasiokopa kwa riba wapewe habari hiyo kabla ya kuombwa chochote.

Mapendekezo yangu kwa mkutano ni haya: mfuko ubaki ulipo, kwa ajili ya wagonjwa na misiba, na sisi wajomba, maami na shangazi tutoe kutoka mifukoni mwetu. Mimi nitatoa dola 1,500, na barua yangu nimeshaitia sahihi. Nakala tupu ziko kwa Katibu, kwa atakayependa kujaza kabla ya kura. Kijumbe naye yupo safu ya tatu, na daftari amekuja nalo.