Kuni za Tanuru Nazo Tuzihesabu

Ndugu zangu wa Rungwe Mpya! Makampuni mengi makubwa duniani yameahidi kwamba ifikapo 2050 hewa ukaa yanayotoa haitazidi ile yanayoiondoa. Sisi wenye matanuru ya matofali hatujaahidi lolote, na miombo inaisha. Nami nimo, nimechoma miaka mingi. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Tumwambie mama aache kuni, huku tajiri anateketeza lori zima kwa tanuru moja? Mwaka huu mchango wangu wa madarasa ni matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yasiyochomwa. Saruji nayo ina moshi wake kiwandani, sikatai, ila mti unabaki. Wenzangu wenye matanuru, nawasubiri mezani kwa mweka hazina.