Akiba ya Mwili
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi)



Miaka kumi tumeweka hisa bila kukosa. Lakini fedha za mfuko wetu wa kusaidiana siku hizi zinakwenda zaidi kwenye presha na kiharusi kuliko kwenye uzazi. Basi leo tuseme habari ya sufuria zetu.

Lehemu, wengine huiita kolesteroli, siyo sumu. Ini lenyewe huitengeneza na mwili unaihitaji. Ubaya ni ikizidi: hujibandika kwenye mishipa, njia ikawa nyembamba, moyo ukakosa damu. Na haiumi, jamani! Mtu hujiona mzima mpaka siku anapoanguka. Hata mwembamba anaweza kuwa nayo, ndiyo maana tunahimizana kupima damu.

Inayoipandisha sana ni mafuta yanayoganda: ya nyama, samli, siagi. Tusidanganyike na debe lililoandikwa "hayana lehemu". Mafuta ya mimea yote ndivyo yalivyo, lakini ya nazi na mawese bado huipandisha. Alizeti na ufuta ni afadhali.

Hatusemi tuache nazi, la! Tui zito libaki la sikukuu. Maharage, kunde, mchicha na dagaa wa kuchemsha tunavyo, na bei tunaiweza. Maharage yana nyuzinyuzi zinazosaidia kuiondoa lehemu.

Tumekubaliana: vikaoni maandazi yapungue, matunda na karanga viingie. Na aliyepewa dawa na daktari asiziache.

Akiba bila mwenyewe ni ya nani?