Marejesho ya Ushuru wa Forodha kwa Wauzaji Bidhaa Nje: Mtazamo Kutoka Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Marejesho ya ushuru wa forodha ni utaratibu wa kisheria unaomwezesha mwenye kiwanda, aliyelipa ushuru alipoingiza malighafi nchini, kurudishiwa ushuru huo baada ya malighafi hizo kugeuzwa kuwa bidhaa na bidhaa zenyewe kuuzwa ng'ambo. Hoja inayoutetea ni ya zamani, kwani mwaka 1776 Adam Smith alieleza kwamba marejesho ya namna hii hayasukumi nje bidhaa nyingi kuliko ambazo zingeuzwa kama ushuru usingekuwapo, na kwa hiyo hayafanani na ruzuku. Katika ukanda wa Nakuru, Naivasha, Njoro na Molo, ambako viwanda na mashamba ya mauzo ya nje yako kandokando ya njia kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda, utaratibu huu hutazamwa kama kazi ya wakala wa forodha, ilhali uchunguzi wa masharti yake unaonyesha kwamba fedha hizo hupatikana au hupotea mapema zaidi, ndani ya ghala na katika madaftari ya kiwanda.

Msingi wa sheria ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo hutumika Kenya tangu Umoja wa Forodha ulipoanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Kifungu cha 138 ndicho kinachohusu marejesho kwa bidhaa zinazouzwa nje, na dai sharti limfikie Kamishna wa Forodha ndani ya miezi 12 tangu bidhaa ziondoke. Kifungu hicho kisichanganywe na cha 144, kinachohusu ushuru uliolipwa kimakosa au mali iliyoharibika safarini, ambako miezi 12 huhesabiwa tangu siku ya malipo. Kodi ya ongezeko la thamani nayo hudaiwa kwa sheria yake ya mwaka 2013, na ada ya tamko la uagizaji pamoja na tozo ya reli hutozwa kwa sheria nyingine ya mwaka 2016. Dai linalojumlisha yote hayo katika hesabu moja hujiletea maswali ambayo lingeweza kuyaepuka.

Ukali wa wakaguzi wa leo una historia yake. Sheria ya fidia kwa wauzaji bidhaa nje ya mwaka 1974 haikurudisha kiasi halisi cha ushuru uliolipwa, bali iliwalipa wauzaji asilimia fulani ya thamani ya mauzo, na upenyo huo ndio uliotumiwa katika kashfa ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipolipa fidia ya asilimia 35 kwa mauzo ya dhahabu na almasi, ingawa Kenya haichimbi almasi. Fidia hiyo ilifutwa mwaka 1993. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku nao huhesabu marejesho yanayozidi ushuru uliolipwa kuwa ruzuku ya mauzo ya nje, na ndiyo sababu kila dai hupimwa kwa kiasi cha malighafi kilichotumika kweli, si kwa bei ya bidhaa.

Suala linaloigusa Nakuru kwa karibu zaidi ni maana ya kuuza nje. Sheria ya 2004 hufafanua kuuza nje kuwa ni kuitoa bidhaa katika nchi wanachama, na kwa ufafanuzi huo lori la sabuni au mafuta ya kula linalotoka Nakuru, likapita Malaba na kushusha mzigo Kampala, halijauza nje chochote, hata kama mwenye kiwanda amelipwa kwa fedha za kigeni. Sudan Kusini iliingia Jumuiya mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, kwa hiyo masoko yaliyokuwa ya nje kwa viwanda vya Bonde la Ufa yamekuwa ya ndani kwa maandishi ya sheria, hata pale ambapo forodha za nchi hizo hazijalingana na za wenzao. Itifaki ya Umoja wa Forodha, katika kifungu cha 25, huongeza kwamba bidhaa zilizonufaika na mipango ya kukuza mauzo ya nje zikiuzwa ndani ya Jumuiya hulipiwa ushuru kamili, na mauzo hayo yasizidi asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka. Kiwanda chenye wateja Juba au Goma kinashauriwa kuomba msimamo wa Kamishna kwa maandishi kabla ya kupanga bei, kwa sababu bei iliyopangwa kwa kutegemea marejesho yasiyokuja ni hasara iliyokwisha kutiwa sahihi.

Penye haki ya kudai, ugumu uko katika uwiano wa malighafi na bidhaa, yaani kiwango cha malighafi kinachoingia katika kila kipimo cha bidhaa pamoja na kinachopotea njiani. Pareto, ambayo Nakuru imeisindika kwa miongo mingi, inaonyesha jinsi uwiano huo unavyoweza kutatiza. Sumu ya maua hayo hutolewa kwa kiyeyushi kama heksani, na kiyeyushi hicho hakibaki ndani ya bidhaa, bali hukusanywa na kutumiwa tena huku sehemu yake ikipotea kila mzunguko. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani huvitambua vitu vilivyomo ndani ya bidhaa, nishati, mafuta, na vichochezi vya kikemia vinavyoisha katika matumizi. Kiyeyushi kinachorudishwa tangini hakiingii kwa urahisi katika lolote kati ya makundi hayo. Kiwanda kisichopima upotevu wa kila mzunguko hakina hata nambari ya kuanzia mabishano na mkaguzi.

Maua ya Naivasha yana tatizo la aina nyingine. Pembejeo nyingi za kilimo cha maua zimesamehewa ushuru tangu mwanzo, na kisichotozwa hakina cha kurejeshwa. Lakini katoni huweza kuwa zimetengenezwa kwa karatasi iliyoagizwa na kampuni nyingine, ambayo ilikwisha kulipa ushuru na kuuficha katika bei. Aliyelipa hakuuza nje, na aliyeuza nje hana risiti ya ushuru. Pasipo makubaliano ya maandishi kati yao, yanayoambatanishwa na nakala za hati za uingizaji na hesabu ya katoni zilizoondoka, ushuru huo humezwa na gharama za shamba.

Njia mbadala ni msamaha wa ushuru wenye masharti chini ya kifungu cha 140, ambapo ushuru haulipwi mzigo unapoingia, ila mwagizaji huweka dhamana mpaka athibitishe kwamba bidhaa zimeuzwa nje. Tofauti ya gharama inaweza kuonekana kwa mfano wa kubuni: malighafi ya shilingi 4,000,000, kwa ushuru wa asilimia 10, hulipiwa shilingi 400,000, na ikiwa asilimia 80 imetumika kwa bidhaa za nje, dai ni shilingi 320,000. Fedha hizo zikikaa miezi minane kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba peke yake ni shilingi 32,000, yaani sehemu ya kumi ya dai, kabla ya malipo ya wakala na mkaguzi wa hesabu. Kwa kiwanda chenye oda za kudumu, msamaha unafaa zaidi, mradi benki imkubalie mwenye kiwanda dhamana kwa bei nafuu. Mzalishaji mdogo anayepata oda ya ng'ambo mara moja moja, asiyejua wakati wa kuagiza malighafi kama bidhaa itaishia Gilgil au Rotterdam, hana njia ila marejesho, na kwake kazi ya kwanza ni kuandika nambari ya hati ya uingizaji kwenye kila gunia linalotoka ghalani kwenda mashineni.