Pima Gari Kabla ya Kumhukumu Dereva

(Mazungumzo ya mhudumu wa jamii na madereva, makondakta na kamati ya usafiri, Bwera)



Mnaijua ile pikapu inayoleta magodoro na sabuni kutoka Kasese hadi hapa Bwera. Dereva wake, kijana mkimbizi kama mimi, alishukiwa kuuza dizeli. Kitabu cha safari kilionyesha lita 12 kwa kila kilomita 100, kisha ghafla lita 13 na zaidi. Akasimamishwa kazi wiki mbili. Hakuna aliyekumbuka kwamba siku chache kabla, gari lilifungwa matairi makubwa.

Spidomita haioni barabara. Katika magari mengi ya zamani, gia ndogo iliyo nyuma ya giaboksi huzungusha kebo, na kebo huendesha mshale na kuhesabu kilomita. Hesabu hiyo hufuata tairi na difu za kiwandani. Ukibadili kimoja, saa hiyo husema uongo.

Tulipima kwa chaki. Tairi la zamani, mzunguko mmoja, lilikwenda mita 2.20, jipya mita 2.42. Hiyo ni asilimia 10 zaidi. Kwa kila kilomita 100 za barabara, kitabu kiliandika 91 tu. Dizeli haikuibwa, kilomita ndizo zilizokosa kuhesabiwa.

Tena kuna hatari. Mshale ukionyesha 80, gari liko 88, na umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka kwa asilimia 21 hivi. Pale Kikorongo, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, tembo na nyati huvuka barabara. Hapa Bwera ni watoto.

Ekseli nayo ni hivyo hivyo. Ukitoa difu ya meno 41 kwa 10, ukaweka ya 37 kwa 10, gari litakwenda mbio kuliko mshale kwa asilimia 11 hivi. Giaboksi ya gari jingine huenda ikaja na gia ndogo ya meno tofauti.

Basi fanyeni hivi:

1. Kabla ya kufungua kitu, hesabuni meno na pimeni tairi kwa chaki, gari likiwa na mzigo wa kawaida. Andikeni.

2. Baada ya matengenezo, endesheni kwa mshale wa 60 mahali peupe. Kondakta, si dereva, asome kasi kwenye simu yenye GPS. Bila simu, tumieni saa na kilomita moja iliyopimwa: kwa kasi ya 60 ni sekunde 60. Zikiwa 54 au 55, mko 66.

3. Mshale ukisoma pungufu, fundi aweke gia ndogo inayoendesha kebo yenye meno machache zaidi. Gari la sensa lipelekwe kwa fundi umeme.

4. Kabla halijatengenezwa, bandikeni karatasi kwenye dashibodi: “Ukiona 60, ni 66.” Kwenye kitabu andikeni tarehe ya matairi mapya, na kila safari zidisheni kilomita kwa 1.10.

Kijana wetu amerudi kazini baada ya hesabu kurudiwa. Lakini jina likishachafuka, kulisafisha ni kazi. Wazee wa kamati, safari nyingine ombeni chaki kwanza.