Maji Yawe Sawa Kwanza

Akina mama na akina baba mlioko kambini, na ninyi machifu na wazee mnaowapokea, leo tunawapeleka mbali, mpaka Uingereza, kwenye mfereji wa Stratford-upon-Avon. Ulianza kuchimbwa mwaka 1793 na kumalizika 1816, wakati mashua zilivutwa na farasi aliyetembea ukingoni.

Pale ardhi inaposhuka wamejenga chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma. Wanaojua Kifaransa wanakiita ekluzi. Mashua inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanatolewa polepole mpaka yalingane na yale ya mbele. Yasipolingana, hata vijana kumi wakisukuma, mlango haufunguki, kwa sababu uzito wa maji umeukandamiza. Yakilingana, mtu mmoja anaufungua kwa kuusukuma na mgongo wake.

Sasa tazameni kwetu. Aliyekimbia anarudi, anakuta jirani analima shamba lake. Jirani naye alibaki akazika watoto wake. Chifu anayetangaza tu, "Rudini, mambo yamekwisha," anasukuma mlango huo.

Juu ya ekluzi kuna daraja dogo la chuma la kuvukia kwa miguu. Nusu moja imeshikwa na ukingo huu, nusu ya pili na ukingo ule, na katikati hazigusani. Waliacha mwanya mwembamba ili kamba ya farasi ipite bila kufunguliwa. Mimi nalipenda daraja hilo! Watu wanavuka, ijapokuwa nusu hizo hazijashikana.

Mwaka 1958 wakubwa wa jimbo walitaka kuufunga mfereji, wakisema hakuna tena anayepita. Tikiti ya ushuru wa mtumbwi mdogo ikaonyesha kwamba alikuwapo aliyepita. Karatasi ndogo tu! Kuanzia 1961 watu wa kujitolea, askari na wafungwa walitoa matope pamoja, na mwaka 1964 mashua zikapita tena.

Basi, akina mama, tunzeni karatasi zenu, hata ile iliyochanika. Nanyi wazee, kabla ya kikao kijacho, andikeni shamba kwa shamba: nani aliliacha, nani analilima sasa, na mihogo iliyomo ardhini ni ya nani. Someni orodha hiyo mbele ya pande zote mbili, kisha ndipo mzungumze juu ya siku ya kurudi.