Mwagilia Maua, Usifuge Mbu

Msikilizaji wa Kariakoo, Gerezani na Ilala, una asumini kwenye ndoo barazani? Una waridi kwenye kopo ghorofani? Hili linakuhusu.

Sahani iliyo chini ya ua hushika maji. Maji yakituama, mbu hutaga mayai. Huyu ni mbu mwenye madoa meupe, anayeuma mchana. Ndiye anayeeneza homa ya dengi. Homa hiyo ililipuka hapa Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi tena mwaka 2019.

Kutoka yai hadi mbu anayeruka, huchukua kama wiki moja tu. Basi kila wiki, mwaga maji ya sahani. Kisha isugue kwa brashi, kwani mayai hung'ang'ania pembeni hata pakikauka. Halafu jaza mchanga kwenye sahani.

Toboa matundu chini ya ndoo. Mwagilia asubuhi, udongo wa juu ukikauka. Maji yakizidi, mizizi huoza.

Ukipata homa kali ya ghafla, nenda kituo cha afya mapema.

Narudia: kila wiki, mwaga maji, sugua sahani. Anza leo, na umwambie jirani.